Watu Ishirini na Wanane

Mwaka 1961 daktari mmoja wa Marekani, Leo Hollister, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo leo pengine lisingeruhusiwa. Alikuwa amewapa wagonjwa 36 wa akili dawa mpya ya kutuliza wasiwasi, dawa iliyoingia sokoni mwaka uliotangulia tu. Aliwapa kwa wingi, miligramu 300 hadi 600 kwa siku, kwa miezi kadhaa. Kisha akawateua 11 kati yao na, bila wao kujua, akawabadilishia vidonge. Sura ilikuwa ileile, ila ndani hamkuwa na dawa.

Siku za mwanzo zilipita salama, kwa sababu dawa ile hutoka mwilini polepole. Baadaye wakaanza kukosa usingizi, kuhangaika, kukataa chakula, kusikia kichefuchefu. Kati ya watu 11, kumi walionyesha dalili za mwili kudai kitu ulichokizoea. Wawili walianguka kifafa.

Dawa yenyewe iliitwa Librium. Ndugu yake mdogo, Valium, alikuwa bado hajazaliwa.

Matokeo hayo hayakufichwa kabatini. Yalitoka kwenye jarida la kitaaluma, na daktari yeyote mwenye maktaba karibu angeweza kuyasoma. Kwa hiyo simulizi tunayopenda kusimuliwa, kwamba dunia ilimeza vidonge hivi kwa furaha kwa sababu hakuna aliyejua hatari yake, haisimami. Ilijulikana mapema sana. Kilichochukua miaka 20 ni kukubali kwamba jambo lile linaweza kumpata mtu wa kawaida, mwenye kazi na watoto, anayemeza kipimo cha kawaida alichoandikiwa na daktari wake. Ucheleweshaji huo ndio unaonivutia, maana sioni kwamba umekwisha.

Sehemu ya maelezo iko kwenye maneno. Sisi tuna neno teja, na teja tunamjua, au tunadhani tunamjua: tunamweka maskani, tunampa nguo chafu na mkono mwepesi. Tuna arosto, yale mateso ya mwili unaokosa kitu chake. Pwani ya Kenya tuna hata bugizi, jina la mtaani la Rohypnol, ambayo ni binamu wa damu wa Valium na ilitoka kwenye kampuni ileile. Maneno yote haya yana harufu ya kijiwe. Sasa mchukue mwalimu wa shule ya msingi anayemeza kidonge kimoja kila saa tatu usiku, kilekile, kwa miaka minane. Haongezi, hauzi, hatafuti stimu. Hakuna atakayemwita teja, na kweli si teja. Lakini akikosa kile kidonge wiki nzima anaweza kupata arosto kali, hata degedege.

Waandishi wetu wa afya wameanza kutenganisha uraibu na utegemezi: uraibu ni ile hamu inayomwendesha mtu hata aharibu maisha yake, na utegemezi ni mwili tu kuzoea kitu kiasi cha kulalamika kikiondolewa. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Msidhani wenzetu wa Ulaya na Marekani walikuwa na maneno safi zaidi. Mwaka 1987, kamati ya madaktari wa akili wa Marekani ilipokuwa ikirekebisha kitabu chao cha majina ya magonjwa, ilibidi ichague neno moja kati ya hayo mawili. Utegemezi ulishinda kwa kura moja. Nia ilikuwa njema, kwamba neno hilo halimdhalilishi mgonjwa. Matokeo yake ni kwamba mambo mawili tofauti yalitiwa kwenye gunia moja kwa zaidi ya miaka 20.

Na gunia hilo lilikuwa na adabu yake ya zamani. Waswahili husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Madaktari wengi wa karne ya 20 waliamini vivyo hivyo bila kujua methali yetu: anayeshindwa kuacha dawa ana kasoro ya tabia, na kama huna kasoro, huna cha kuogopa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1857 Charles Locock, mkunga wa malkia wa Uingereza, alieleza kwamba chumvi ya bromidi hupunguza kifafa, na muda si mrefu watu wakaanza kuinywa ili kutulia. Bromidi hujilimbikiza mwilini na kuvuruga akili. Hospitali za wagonjwa wa akili zilipokea watu waliougua bromidi yenyewe. Mwaka 1903 ikaja Veronal, ya kwanza kutumika katika ukoo wa babitureti. Hizi zilileta usingizi wa uhakika. Tatizo lake ni kwamba kipimo cha kulala na kipimo cha kutoamka vilikuwa majirani wa kubanana. Marilyn Monroe alipokutwa amekufa Agosti 1962, ni babitureti zilizomuua.

Kuhusu kuacha babitureti, ushahidi ulikuwapo tangu 1950. Huko Lexington, Kentucky, Harris Isbell na wenzake waliwapa wafungwa watano waliojitolea babitureti kwa miezi, kisha wakawakatia ghafla. Wafungwa walitetemeka, wakaanguka degedege, wakaona vitu visivyokuwepo. (Kujitolea kwa mfungwa ni jambo la kujadiliwa peke yake.)

Kwa hiyo, mtu aliyekuwa daktari miaka ya 1950 alitamani sana kitu kingine, na kwa nini asitamani? Alikuwa na wagonjwa ambao mioyo yao ilidunda usiku kucha na mfukoni hakuwa na kitu cha kuwapa isipokuwa sumu iliyopakwa sukari. Frank Berger, aliyetoka Czechoslovakia, alikuwa ametafuta Uingereza njia ya kuhifadhi penisilini akakuta kwamba moja ya kemikali zake huwalegeza panya bila kuwalaza. Akahamia Marekani na kutoka kwenye uzi huo akapata meprobamati. Iliuzwa kuanzia 1955 kwa jina Miltown, lililotokana na kijiji kimoja cha New Jersey. Maduka ya dawa yalibandika vibao vya kutangaza kwamba Miltown imekwisha na itapatikana kesho. Mchekeshaji Milton Berle alitania runingani kwamba afadhali ajiite Miltown Berle. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wasiwasi kuwa na kidonge mashuhuri.

Kampuni nyingine zilitaka kipande cha biashara hiyo. Hoffmann-La Roche iliwaambia wakemia wake watafute mshindani, na mmoja wao alikuwa Leo Sternbach. Alizaliwa 1908 Opatija, mji wa bahari uliokuwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria na leo uko Kroatia. Baba yake alikuwa mfamasia. Alisomea kemia Kraków, akaajiriwa Basel, na mwaka 1941, akiwa Myahudi na Ulaya ikiwaka moto, kampuni ikamhamishia Nutley, New Jersey.

Sternbach alirudia kundi la kemikali alizowahi kuzishughulikia Kraków ujanani, wakati huo akitafuta rangi. Alitengeneza takriban 40. Hakuna hata moja iliyotuliza chochote. Wakubwa wakamwambia aachane nazo, ahamie kwenye viuavijasumu. Mwaka 1957, wakati wa kusafisha maabara iliyojaa vyombo, mwenzake Earl Reeder aliona fuwele safi ambazo hazikuwahi kupelekwa kupimwa. Wakazituma, zaidi ili wafunge jalada. Majibu yakarudi kwamba wanyama wamelegea, wametulia, na bado wako macho. Hiyo ndiyo ikawa Librium, iliyoanza kuuzwa 1960. Valium ilifuata 1963, yenye nguvu zaidi.

Napenda kisa cha zile fuwele, lakini kimesimuliwa mno, na kinatuficha swali lenye uzito zaidi: kwa nini watu waliomaliza kuchomwa na bromidi, kisha na babitureti, waliamini upesi hivyo mara ya tatu?

Naona waliamini kwa sababu walichokiona kilikuwa kweli. Mtu aliyemeza Valium nyingi kwa mpigo, bila pombe wala afyuni, kwa kawaida aliamka. Daktari aliyewahi kuitwa usiku kwenda kuthibitisha kifo cha mgonjwa wake mwenye chupa tupu ya babitureti hakuhitaji kushawishiwa zaidi. Lakini hapo usalama wa namna mbili ulichanganywa. Kidonge kilicho salama kukimeza kingi siku moja kilihesabiwa kuwa salama kukimeza kimoja siku zote. Na jaribio la Hollister? Lilikuwa la vipimo vikubwa mno, walisema, na kwa wagonjwa wa hospitali. Wagonjwa wetu humeza kidogo. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ilihitaji tu mtu wa kuijaribu, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Mwaka 1978 Wamarekani waliuziwa zaidi ya vidonge bilioni 2 vya Valium. Uingereza, madaktari walikuwa wakiandika dawa za ukoo huu karibu mara milioni 30 kwa mwaka. Wanawake waliandikiwa takribani mara mbili ya wanaume. Matangazo kwenye majarida ya kitabibu yaliwaonyesha: mama aliyechoshwa na watoto, binti aliyefika umri bila kuolewa, mwanamke wa makamo anayelia bila sababu inayoonekana. Sababu pengine ilionekana, ila haikuwa ya kufamasia. Ni rahisi kuwacheka madaktari wale. Mgonjwa amekaa mbele yako dakika sita, mume wake hutaweza kumbadilisha, kodi ya nyumba hutamlipia, na kalamu iko mkononi.

Hapa inafaa kueleza kinachotendeka kichwani, maana bila hilo huwezi kuona mtego ulivyokuwa mzuri.

Ubongo una breki zake. Kubwa kati ya hizo ni kemikali iitwayo GABA, ambayo ikifika kwenye seli huifanya isiwe nyepesi kuchomoka. Valium haileti breki mpya. Huufanya mguu ulio juu ya breki uwe mzito zaidi. Mwaka 1977 watafiti wa Denmark na wa Basel, kila kundi kivyake, waligundua kwenye ubongo sehemu hasa dawa hizi zinapojishikiza. Ndiyo sababu dawa hiyohiyo inayomlaza mwenye hofu ndiyo inayookoa mtoto wa degedege. Shirika la Afya Duniani liliiweka diazepamu, yaani Valium kwa jina lake la kifamasia, kwenye orodha yake ya kwanza kabisa ya dawa muhimu, mwaka 1977, na hospitali ya wilaya isiyo nayo ni hospitali iliyopungukiwa.

Lakini mwili si mjinga. Ukihisi kwamba kuna mtu mwingine anayekanyaga breki kila siku, nao hulegeza mguu wake. Kwa wengine wiki chache zinatosha. Ondoa sasa yule msaidizi ghafla, na gari liko kwenye mteremko. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, sauti ya kijiko kwenye sahani inaumiza, usingizi hauji, na hofu inapanda bila kisa.

Angalia orodha hiyo tena. Moyo, kutetemeka, usingizi, hofu. Ni orodha ileile iliyompeleka mtu kwa daktari siku ya kwanza.

Mlevi akiacha pombe akatetemeka, kila mtu anajua ni pombe. Aliyeacha Valium akatetemeka, yeye mwenyewe, mume wake na daktari wake wote waliona jambo moja: ugonjwa umerudi. Akimeza kidonge, baada ya saa moja ametulia. Ushahidi gani mwingine unatakiwa kwamba anakihitaji? Kila jaribio la kuacha liliishia kuwa sababu ya kuendelea. Nadhani hakuna dawa nyingine iliyojificha vizuri hivi, kwa sababu haikuhitaji kujificha nyuma ya uongo. Tena mara nyingine ni kweli ugonjwa ulikuwa umerudi. Wasiwasi wa zamani haufi kwa kuwa ulifunikwa, na kuutofautisha na arosto kunataka siku nyingi na jicho la mtu anayejua atafute nini. Arosto huelekea kuleta vitu ambavyo mgonjwa hakuwa navyo kabla, kama masikio na macho kuwa wepesi kupita kiasi au ngozi kuwashawasha, na hupungua kadiri majuma yanavyopita.

Barbara Gordon, mtayarishaji wa filamu za habari katika runinga ya CBS, New York, alipewa Valium kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Miaka ikapita, sababu ikasahauliwa, kipimo kikapanda. Mwaka 1976 aliamua kuacha yote kwa siku moja, na daktari wake hakumzuia. Aliishia kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kitabu chake cha 1979 kiliuzwa sana, na mwaka huohuo seneta Edward Kennedy aliongoza vikao vya kusikiliza ushahidi kuhusu dawa hizi. Mwaka mmoja kabla, Betty Ford, mke wa rais aliyestaafu, alikuwa amelazwa hospitali ya jeshi la majini Long Beach, na watu wakajua kwamba pamoja na pombe kulikuwa na vidonge. Kitu kimoja katika habari za Gordon kilipita bila kusikika vizuri. Wasomaji wengi walijifunza kwamba Valium ni mbaya. Waliotupa chupa zao chooni jioni hiyo walikuwa wakirudia kosa lilelile lililomvunja yeye.

Uingereza walienda taratibu. Mwaka 1980 kamati ya serikali ya kupitia dawa ilitoa tathmini yake. Ilikuwa na mambo ya busara: ilisema hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba dawa hizi zinaendelea kutuliza wasiwasi baada ya miezi minne. Lakini ilipofika kwenye utegemezi ilitaja makadirio haya: kuanzia 1960 hadi 1977, nchini Uingereza, watu waliotegemea dawa hizi walikuwa 28.

Ishirini na wanane. Nchi ya mamilioni ya vyeti vya dawa kila mwaka, kwa miaka 17, na idadi yenyewe ingeenea kwenye daladala moja. Sidhani kuna aliyekaa akatunga uongo. Hesabu za namna hii huhesabu visa vilivyoandikwa, na ili kisa kiandikwe, lazima daktari mmoja awe amekitambua. Hawakutambua, kwa sababu kila aliyefika akitetemeka aliandikiwa tena.

Mwaka uliofuata, 1981, Hannes Petursson na Malcolm Lader wa London walichapisha lile jaribio lililokuwa likisubiriwa tangu Hollister. Walichukua wagonjwa 16 waliokuwa wakimeza vipimo vya kawaida kwa muda mrefu, wakawapunguzia dawa huku wakiwachunguza. Wote 16 walipata dalili za kuacha. Kikundi kimoja kidogo cha watafiti kilikuwa kimepata zaidi ya nusu ya idadi iliyokadiriwa kwa taifa zima kwa miaka 17.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Mwaka 1983 kipindi maarufu cha BBC, "That's Life!", kilizungumzia vidonge vya kutuliza na barua zikamiminika, nyingi kutoka kwa wanawake waliodhani wako peke yao. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa iliagiza zitumike wiki mbili hadi nne tu, na kama ni kwa wasiwasi, uwe mkali. Takribani watu 14,000 walijiunga na madai ya mahakamani dhidi ya watengenezaji, kwa kusaidiwa na mawakili zaidi ya elfu moja. Kesi haikufika kusikilizwa. Fedha za serikali za kuwasaidia kisheria zilikatwa miaka ya 1990 na madai yakaporomoka.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa imeshampata mrithi. Alprazolamu, kwa jina la biashara Xanax, iliingia sokoni 1981. Inapanda haraka na kushuka haraka, na kadiri dawa inavyoshuka haraka ndivyo mwili unavyogundua mapema kwamba imeondoka. Ilibidi kungoja hadi Septemba 2020 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoamuru onyo lake kali zaidi liseme wazi kwamba utegemezi unaweza kutokea hata kwa mtu anayemeza dawa hizi kama alivyoelekezwa.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika habari hizi ilifanyika bila kelele, Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Heather Ashton, daktari na profesa wa elimu ya dawa zinazogusa akili, alifungua kliniki ya watu wanaotaka kuacha, akaiendesha kuanzia 1982 hadi 1994. Walipita kwake wagonjwa wapatao 300. Anasema mwenyewe kwamba alijifunza kwao, kwa kuwasikiliza juma baada ya juma. Mwongozo alioandika 1999 ulisambazwa bure, na hadi leo unapita mkono kwa mkono.

Njia yake haikuwa na siri. Aliyekuwa anatumia dawa inayoshuka haraka alihamishiwa polepole kwenye ile inayokawia kutoka mwilini, na dawa hiyo ilikuwa diazepamu. Ndiyo, Valium yenyewe ikawa ngazi ya kushukia. Kisha kipimo kilipunguzwa kidogo, kila baada ya wiki moja au mbili. Karibu na mwisho vidonge vya miligramu 2 vilikatwa nusu. Ratiba iliandikwa pamoja na mgonjwa, na mwendo aliuamua mgonjwa. Wengine ilichukua miezi michache, wengine zaidi ya mwaka. Aliyefika mahali pagumu hakuambiwa ni mdhaifu, wala hakushauriwa apande tena. Alisimama kwenye kipimo kile wiki mbili tatu, mpaka mwili ukazoea, halafu akaendelea kushuka.